Rebeka Aliulizwa

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Adero alikuwa tayari ameketi kwenye stuli nyuma ya kaunta ya duka la dawa pale mtaa wa West Indies, Eldoret, chai ya rangi imejaa kwenye kifuniko cha thamosi, simu mkononi, anaandika somo la Biblia. Ndivyo alivyoanza kila Jumatatu. Angefungua mlango wa chuma, apanguse kaunta kwa spiriti, kisha aandike kwa vidole gumba viwili kabla mteja wa kwanza hajaingia na kikohozi chake. Akimaliza angemtumia Gichuru alifundishe Jumatano. Naye Gichuru angejibu neno moja: "Barikiwa."

Jumatatu hiyo alikuwa kwenye aya ya pili sauti ilipomkatiza.

"Mwanangu, hiyo mashine yako ya presha imeamka ama bado imelala?"

Adero aliinua kichwa, simu nusura imponyoke. Alikuwa Mama Gichuru mwenyewe, shali ya sufu shingoni, viatu vimeganda matope. Mama huyu alikuwa na duka la nafaka Kapsoya na dawa zake alizinunua hukohuko. Hakuwa amewahi kukanyaga hapa.

"Karibu Mama. Keti hapa. Weka mkono juu ya meza."

Kwa miaka minne Adero alikuwa akimsalimia mama huyu kila Jumatano, kwenye ushirika wa Biblia nyumbani kwa Mzee Ephantus, kwa mikono miwili na macho chini, kama msichana anavyomsalimia mkwe ambaye bado hajaambiwa kuwa ni mkwe.

"Funga polepole, nisije nikapasuka. Safari imenimaliza. Jumamosi tulikuwa Ol Kalou, mvua huko, usiseme! Wazee wazima wanasukuma gari wakiwa na suti."

"Usiongee kwanza, Mama. Mashine itadanganya."

"Iache idanganye. Nina furaha. Tumepanda tawi."

Mkono wa Adero ukabaki juu ya kitufe.

"Tawi?"

"Aa, nyinyi watu wa ziwa hamna hiyo. Kwetu, kabla ya kuongea mambo ya mahari, mnaenda kwa kina msichana mnapanda tawi uani. Mwanaume mwingine akipita hapo ajue huyu ana mwenyewe. Sasa tumempandia Gichuru. Msichana anaitwa Ciru, anafundisha watoto wa nasari. Mzuri, mwanangu! Na ana adabu."

Mashine ikalia.

"Mia moja hamsini, juu ya tisini na tano," Adero akasoma.

"Iko juu?"

"Iko juu, Mama."

Ya kwake mwenyewe hakuthubutu kuipima. Jumamosi saa nne asubuhi Gichuru alikuwa amemtumia meseji: "Niko Nyahururu kutafuta mbegu ya viazi ya duka. Network ni mbaya. Niombee safari." Na Adero alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, akamwombea.

"Kilichonileta si presha, hata," Mama Gichuru akaendelea, akishusha mkono wa sweta. "Gichuru ananiambia wewe ndiye humchapia masomo yake."

"Humchapia?"

"Ee. Yeye anafikiria, wewe unachapa. Mungu akubariki kwa hiyo kazi. Sasa Jumatano Ciru anakuja kusalimia watu wa ushirika, kwa Mzee Ephantus. Nataka somo liwe la Rebeka, vile Isaka alitafutiwa mke na watu wake. Gichuru aliona haya kukuomba. Akasema, Mama mwambie wewe, yule huwa hakatalii mtu."

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Na wewe je? Yule daktari wa mifugo wa Kisumu anakuoa lini?"

"Nani, Mama?"

"Usione haya! Mchumba wako. Mwaka juzi nilimuuliza Gichuru, huyu msichana mpole wa Mzee Oyugi ana mtu? Akaniambia ana mtu Kisumu. Basi nikanyamaza."

Adero alimtazama yule mama usoni atafute ujanja. Hakuuona. Aliona tu mwanamke aliyechoka kwa safari, anayetafuta sarafu za dawa kwenye mfuko wa aproni.

"Usinunue dawa kwa mazoea, Mama. Nenda kliniki yako wakuangalie," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kazini, tulivu kabisa. "Na somo nitaandika."

Jepkosgei, mfanyakazi mwenzake, alimkuta nyuma ya duka katikati ya katoni za glukosi, ameketi sakafuni na koti lake jeupe.

"Wee Adero! Umemeza nini?"

"Gichuru anaoa."

"Si nilijua! Hatimaye! Mama amekubali? Lini? Mimi nitavaa—" Akaona uso. "Ngoja. Anaoa nani?"

Adero akamwambia. Jepkosgei akavua kibeti begani polepole kama anayejiandaa kupigana.

"Miaka minne nakuambia. Huyo si mwalimu. Huyo ni kasuku."

Walikutana chuoni, kwenye umoja wa Wakristo. Gichuru alikuwa na sauti. Adero alikuwa na kalamu, na haya iliyomfanya asiwahi kuomba kwa sauti mbele ya watu hata siku moja. Siku moja Gichuru aliona maandishi ndani ya Biblia yake: kila kisa ameandika pembeni maneno mawili, Chaguo na Mavuno. Lutu alichagua bonde kwa sababu lilikuwa la kijani, akavuna majivu. Esau alichagua kwa njaa ya mchana mmoja, akavuna machozi ya maisha yote. Kwa Adero, watu wa Biblia hawakuwa watu wa zamani. Walikuwa sisi, tumesimama njia panda.

"Naomba nitumie hili Jumatano," Gichuru akamwambia. Akalitumia. Watu walilia. Toka siku hiyo Gichuru akawa "Mwalimu", na Adero akawa mpenzi wake, mpenzi wa siri.

"Mama yangu ni mgumu," alikuwa amemwambia. "Hawezi kumkubali Mluo haraka. Nipe muda nimlainishe."

Adero akampa muda, na kwa sababu hakuwa na mdomo, akamwambia kila kitu kupitia masomo. Alipochoka kufichwa, aliandika juu ya Esta, aliyeficha ukoo wake mpaka ikafika siku ya kusema. Gichuru alilisoma vizuri mno. Watu wakasema amina. Kisha akapanda boda boda akarudi dukani kwake Kesses, kwenye dawa zake za mifugo, kama kwamba Esta hakumhusu. Alipoomba muda zaidi, Adero aliandika juu ya Yakobo, aliyengoja miaka saba akaiona kama siku chache kwa vile alivyompenda Raheli. Hilo nalo alilisoma vizuri.

"Mpigie," Jepkosgei akasema. "Sasa hivi. Mimi nakaa kaunta."

Simu ikaita mara mbili.

"Dada Adero, Bwana asifiwe."

Dada. Alikuwa na wateja.

"Umepanda tawi Ol Kalou?"

Mtu akasikika akiuliza dawa ya kupe.

"Hiyo changanya na maji, mzee, soma kifuniko," Gichuru akamjibu. Halafu nyayo, mlango, upepo. "Adero. Nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Ulimtuma mama yako."

"Sikumtuma. Nilijua tu kwamba anakuja."

"Ulijua kwamba anakuja, na ukanyamaza."

"Nisikilize. Unafikiri siumii? Hili ni jaribu. Abrahamu alipoambiwa amtoe Isaka hakuuliza maswali. Aliamka asubuhi na mapema, akatandika punda. Kumtoa unayempenda ndiyo ibada yenyewe."

Adero aliitambua sentensi ya mwisho. Aliiandika mwezi wa pili, juma lile alipokataa nafasi ya kazi katika hospitali moja Homa Bay, kazi ya kudumu, ili asiwe mbali na Gichuru. Baba yake, Mzee Lazarus Oyugi, hajamwelewa mpaka leo.

"Hayo ni maneno yangu."

"Ni ya kweli. Wewe ndiye ulinifundisha."

"Niliyaandika nikiacha kazi kwa ajili yako."

"Na Mungu aliona, Adero."

"Katika hiyo hadithi wewe ni nani?"

"Mimi ni Abrahamu. Ninaumia kama Abrahamu."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyebeba kuni."

Adero akahamishia simu sikio la pili.

"Mama yako alinikataa siku gani, Gichuru?"

"Tumeongea haya mara ngapi? Mama hawezi. Unajua Eldoret. Unajua watu wa kabila letu wamepitia nini hapa kila uchaguzi."

"Siku gani? Alisema nini?"

"Sikumbuki maneno."

"Mimi maneno ya watu huwa nayakumbuka."

"Andika tu Rebeka, kwa ule upole wako. Ciru hajui kitu, usimuumize. Mambo yetu tutaongea baadaye. Sawa?"

Akakata. Baada ya dakika moja meseji ikaingia: "Nakuamini dada. Barikiwa."

Jepkosgei aliisoma mara mbili.

"Usiandike. Mwache asimame mbele ya huyo Ciru akiwa mtupu. Tuone kama Roho atamletea meseji."

"Nisipoandika, atasema mimi ni mgonjwa. Watu wataniombea."

"Basi andika utumbo."

"Nikiandika anavyotaka, nitakuwa nimejifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Miaka minne, na hakuna mtu hata mmoja atakayejua kwamba nilikuwepo."

"Basi nenda ukaseme!"

"Mimi?" Adero alicheka kicheko kikavu. "Jepkosgei, mimi nikitaka chai hotelini huwa nakuomba uniagizie."

Jepkosgei akakiweka kibeti chini. Halafu akauliza, "Hebu niambie. Huwa anayasoma kabla?"

"Nini?"

"Masomo. Kabla ya kusimama. Huwa anayasoma?"

"Hasomi. Hata hujivunia. Husema neno linapaswa kumpata likiwa moto, saa ileile."

Wakatazamana.

"Weh," Jepkosgei akasema.

Jumanne Adero alikisoma kisa cha Rebeka kama mtu ambaye hajawahi kukisoma. Alikisoma wakati wa chakula cha mchana, akakisoma tena akihesabu vidonge. Alikuwa akikumbuka kisima, ngamia, pete. Hakuwa amekumbuka kwamba karibu na mwisho, mambo yote yakiwa yamekwisha kukubaliwa na wanaume, wenyeji walisema: tumwite msichana, tumuulize mwenyewe.

Jumatano asubuhi alituma somo.

"Barikiwa," Gichuru akajibu. Hata dakika haikupita.

Saa kumi na moja jioni sebule ya Mzee Ephantus kule Kapsoya ilikuwa imejaa. Viti vilifunikwa vitambaa vya kusuka, birika mbili za chai zilizunguka, na mvua ya mchana ilikuwa imewafanya watu waache viatu mlangoni hadi vikawa rundo. Adero alikaa karibu na mlango, mahali pake pa siku zote.

Ciru aliletwa mkono kwa mkono na Mama Gichuru. Alikuwa mdogo wa mwili, gauni la njano, macho ya mtu anayeshinda na watoto hamsini na bado anawapenda. Alipofika kwa Adero akatoa mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Adero? Gichuru amesema unamsaidia sana kuchapa."

"Karibu Eldoret, Ciru."

"Asante. Aki nimeogopa. Watu ni wengi."

"Hata mimi huwa naogopa," Adero akasema, na hilo lilikuwa kweli. Angependa sana kumchukia. Ingekuwa rahisi.

Gichuru akasimama. Suti ya kijivu, tai, simu mkononi, sauti ile.

"Wapendwa, leo ni siku ya pekee. Neno letu ni juu ya Isaka na Rebeka." Akatelezesha kidole, akaanza kusoma. "Isaka alikuwa na miaka arobaini, na bado hakwenda mwenyewe. Alitafutiwa."

"Kama huyu wetu!" mtu akasema. Vicheko.

"Lakini tazameni kitu kimoja. Katika nyumba zile mbili hakuna aliyeogopa swali. Mtumishi alifika kisimani akamuuliza msichana, wewe ni binti wa nani? Aliuliza ukoo wake waziwazi, na hakuliogopa jibu."

"Amina."

"Baadaye mtumishi alitaka kuondoka haraka. Ndugu zake msichana wakasema, tumwite, tumuulize mwenyewe. Ndugu zangu, Rebeka aliulizwa. Akajibu kwa mdomo wake, nitakwenda. Chaguo la nyumba zile lilikuwa kuuliza. Mavuno yao ni kwamba Isaka alimpenda mkewe, akafarijika."

"Amina, Mwalimu! Amina!"

Ciru alikuwa akitabasamu kwenye kitambaa chake.

"Sasa nawauliza," Gichuru akasoma, akiongeza sauti, maana watu walikuwa wamechangamka, "ingekuwaje kama mtumishi angefika kisimani, anyweshwe yeye na ngamia wake wote kumi, na si siku moja tu, miaka minne, kisha afute mdomo aende kuposa kisima kingine?"

"Huyo ni mwizi wa maji!" Mzee Ephantus akapiga goti. Sebule nzima ikacheka, na Gichuru naye akacheka, akaendelea kwa mwendo uleule wa anayeshangiliwa.

"Na ingekuwaje kama msichana wa kisima cha kwanza aliambiwa kwamba nyumba ya Isaka imemkataa kwa sababu ya kabila lake, ilhali nyumba hiyo haikuwahi—"

Kidole gumba chake kikaganda juu ya kioo.

"Haikuwahi nini?" Mama Gichuru akauliza.

"Simu imekwama."

"Simu mpya hiyo?" Mzee Ephantus akasema. "Izime uiwashe."

"Tufunge tu kwa maombi, wapendwa. Tusimame."

"Haikuwahi kuulizwa."

Ilichukua muda Adero atambue kwamba sauti hiyo ilikuwa yake. Watu hamsini wakageuza shingo. Wengine walikuwa hawajawahi kuisikia.

"Adero," Gichuru akasema polepole. "Dada. Keti."

Hakuketi. Akashika fremu ya mlango.

"Mwanangu," Mama Gichuru akasema, "unaongea juu ya nani?"

"Juu yangu, Mama. Mimi sina mchumba Kisumu. Sijawahi kuwa na daktari wa mifugo. Niliyekuwa naye ni Gichuru. Miaka minne. Aliniambia ngoja, mama yangu hataki Mluo."

Kikombe cha Mama Gichuru kilishuka kwenye sahani kwa mlio.

"Mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mimi nimekataa mtu? Gichuru! Si tulikuwa tunapanga magunia, nikakuuliza juu ya huyu msichana? Nikakuambia, huyu wa Oyugi angetufaa. Kwa mdomo wangu huu! Ukaniambia ana mtu."

"Mama, si hapa."

"Ni hapa! Umenipaka matope kwa miaka minne, uniambie leo hapa ni pasafi?"

Gichuru akainua mkono kama alivyofanya kila Jumatano akitaka watu watulie.

"Wapendwa, tuwe macho. Adui hutumia hata walio karibu. Yusufu alisingiziwa na mwanamke, na hakuwa na—"

"Mwache Yusufu apumzike," Mzee Ephantus akasema. Hakuwa akicheka tena. "Ninaomba kujua kitu kimoja. Haya masomo ambayo nimekuwa nikilia hapa kwangu, ni ya nani?"

Mama mmoja karibu na birika akasema, kama anayejisemea, "Kumbe kuchapa." Na watu wakamtazama Adero upya, mmoja mmoja, kama wanaohesabu Jumatano walizokuwa nazo.

Ciru ndiye aliyesimama. Tabasamu lilikuwa limeisha, lakini hakuwa analia.

"Gichuru, mimi nafundisha watoto wadogo. Mtoto akivunja kitu, simuulizi Biblia inasema nini. Namuuliza, kwa nini umevunja? Sasa niambie bila mfano. Usiniletee Abrahamu, usiniletee Yusufu. Kwa nini?"

"Ciru, twende nje tuongee."

"Kwa nini?"

Gichuru alimtazama mama yake. Alimtazama Mzee Ephantus. Mwisho akatazama simu, lakini simu ilikuwa na maneno ya Adero tu.

"Niliona haya," akasema.

"Haya ya nini?"

"Haongei. Anasalimia watu akiangalia chini. Mimi watu hunitazama, nilitaka mke ambaye..." Akaiweka simu mfukoni. "Si hilo. Angekuwa mke wangu, siku moja mtu angegundua kwamba ni yeye. Kwamba mimi sina kitu. Nilihitaji masomo. Yeye sikumhitaji. Mambo ya kabila niliyasema tu kwa sababu hapa Eldoret hakuna mtu angeuliza zaidi."

Mabati yakasikika yakidondosha maji.

Ciru akachukua mkoba wake.

"Mama, samahani. Lile tawi la Jumamosi bado halijashika mizizi. Nitampigia baba aling'oe."

"Ling'oeni," Mama Gichuru akasema. "Mimi mwenyewe nitakusindikiza." Alipofika mlangoni alisimama mbele ya Adero, shali imemwanguka, akionekana mzee kuliko Jumatatu. "Nisamehe, mwanangu. Nilimuuliza mtu asiyefaa. Ningekuuliza wewe."

"Nenda kliniki, Mama," Adero akanong'ona.

Watu wakaanza kutafuta viatu vyao wakigongana, hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Gichuru akapita katikati yao mpaka akamfikia Adero. Macho yalikuwa mekundu.

"Umefurahi?"

"Hapana."

"Ungeniambia! Tungeongea. Lakini wewe, Adero, hukuwahi kuniambia kitu. Miaka minne sijakusikia ukisema unanipenda hata mara moja. Uliandika tu. Mimi ningejuaje?"

Hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Esta hatimaye alisema na mfalme. Rebeka alijibu. Yeye alichagua kukaa karibu na mlango na kumpa mwanaume mdomo wake amsemee, na kazi ya Homa Bay ilikwisha kupewa mtu. Yalikuwa mavuno yake, na alikuwa nayo mikononi.

Angeweza kuondoka. Viatu vyake vilikuwa hatua mbili tu. Watu waliokuwa wakiinama kufunga kamba waliacha kufunga. Adero aliachilia fremu ya mlango.

"Hukujua kwa sababu hukutaka kujua," akasema, na safari hii sauti ilifika hadi jikoni. "Lakini ni kweli, sikusema. Basi nasema. Nilipoandika Esta, nilikuwa nakuomba unitaje kwa mama yako. Nilipoandika Yakobo, nilikuwa nakuuliza ni miaka mingapi zaidi. Nilipoandika Abrahamu, nilikuwa nalia. Ulisimama pale ukayasoma yote, ukasema amina. Nilikupenda, Gichuru. Nilitaka unioe. Hakuna kitu kingine nilichokuwa nikiandika."